Kapita wa Wafagiaji

Nimestaafu wiki tatu zilizopita, na tayari wamekuja nyumbani kwangu Kabondo mara mbili kuuliza ufunguo wa kabati la kijani uko wapi. Kabati la kijani halina ufunguo. Unalipiga teke chini, upande wa kushoto, nalo linafunguka. Jambo hili halimo katika taarifa ya makabidhiano, na ndiyo sababu nimeona niwaandikie kurasa hizi ninyi mnaoanza kazi. Naona shuleni wamewafundisha kila kitu isipokuwa teke.

Ninyi mnaitwa watu wa rasilimali watu. Ni jina zuri, linajaza mlango mzima wa ofisi. Sisi tuliitwa personnel, basi. Waliotutangulia waliitwa watu wa main-d'œuvre, maana yake mikono ya kazi: kampuni iliajiri mikono, na sehemu nyingine za mtu, pamoja na kichwa, ziliachwa getini zikimsubiri atoke. Jina limebadilika mara mbili na kabati ni lile lile.

Mimi sikuichagua kazi hii. Nilikwenda shule ya ufundi, enzi mji ukiitwa bado Stanleyville, nikitaka kujifunza mitambo. Foleni ya mitambo ilikuwa imezunguka jengo. Foleni ya usimamizi wa wafanyakazi ilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia ya chooni. Nikajiandikisha. Baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye mshono.

"Donc unaenda kusoma batu," akasema, yaani watu, kwa Kiswahili chetu.

"Ndiyo, papa."

"Mi napima batu kwa mita, jioni iko koti. Weye utawapima, jioni iko nini?"

 Nilipata jibu baadaye, na natamani nisingelipata.

Mwalimu wetu alikuwa Mbelgiji mwembamba wa kaptura ndefu. Sisi tulimwita Bwana Fishi, kwa sababu alipenda fishi kuliko chakula. Fishi, kwa msomaji wa mbali, ni kadi ngumu inayobeba maisha ya mfanyakazi: jina, alama ya kidole gumba, kazi yake, makosa yake. Zilikuwa za rangi tatu. Nyeupe zilikuwa za wazungu. Za manjano zilikuwa za makarani wetu weusi, wenye shule na viatu. Za kahawia zilikuwa za vibarua, yaani manœuvre, na hizo hazikuwa hata na nafasi ya kuandika kama mtu anajua kusoma, kwani swali lenyewe lilionekana halina adabu.

Bwana Fishi alikuwa na kanuni tatu na alizirudia kila asubuhi. Fishi haikosei, anayekosea ni mtu. Fishi haifutwi, na anayekwangua wino kwa wembe hana kazi tena. Fishi haifungwi, yaani mtu haondolewi kazini, bila sababu iliyoandikwa. Alikuwa pia na sanduku la vipande vya mbao vya miraba na duara, ambavyo tulitakiwa kuvitia kwenye matundu yake huku akitazama saa. Kwa njia hiyo alijua kazi ambayo Mungu alikuumbia. Mimi, kwa kipimo cha matundu, niliumbwa niwe mpishi.

Zoezi lake kubwa lilikuwa hili: kila mwanafunzi alipewa wafanyakazi kumi wa kubuni. Tuliwapa majina, wake, watoto na vijiji. Tukawaajiri, tukawahamisha, tukawapa adhabu. Mwisho wa muhula kila mtu alitakiwa awafukuze watatu na kuandika sababu. Mwenzangu mmoja alikataa. Alimwambia mwalimu kwamba mfanyakazi wake namba nne ana watoto sita.

"Watoto hao umewabuni wewe," mwalimu akasema.

"Ndiyo, monsieur. Njo maana nawajua."

Alipata sifuri. Sasa ni mhubiri huko Mangobo, na kanisa lake hujaa.

Uhuru ulitukuta katikati ya sura ya utoro. Bwana Fishi alikuja kazini kama kawaida siku chache, akashika chaki, akaandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: "Mfanyakazi asiyefika siku tatu mfululizo bila taarifa..." Kengele ikalia. Alisema atamalizia kesho. Kesho hakuja, wala kesho kutwa. Wazungu wengi walikuwa wanapanda ndege wakati huo, na yeye alipanda pamoja nao, akiacha kofia yake msumarini. Tulisubiri siku tatu kamili, maana tulikuwa wanafunzi wazuri. Siku ya nne tulichukua fishi nyeupe, tukajaza jina lake, na mahali pa sababu tukaandika: mtoro. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndiyo fishi pekee niliyowahi kuifunga kwa furaha.

Mwaka wetu wa mwisho tulifundishwa na mwalimu wa michezo, aliyetusomea daftari letu wenyewe kwa sauti na kutukimbiza uwanjani pale alipochoka. Diploma yangu imesainiwa na Papa Sumaili, mlinzi wa geti. Mkurugenzi alipoondoka alimwachia funguo zote, na katika droo mojawapo ulikuwemo muhuri. Papa Sumaili alitupanga mstari, akatutazama mmoja mmoja usoni, akamnyima diploma kijana mmoja aliyekuwa na tabia ya kuruka ukuta. Mpaka leo sijaona kamati ya mitihani iliyofanya kazi kwa haki zaidi.

Kwa diploma hiyo nilipata kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Lubunga, ukingo wa kushoto. Siku ya kwanza nilivuka mto kwa mtumbwi, nimevaa tai, viatu nimevishika mkononi nisivitie maji. Mpiga makasia aliniuliza kama nakwenda kuoa.

Ofisini nilimkuta Papa Bolamba, karani mkuu wa personnel, mtu wa mto kutoka pande za Isangi, mwenye shule ya msingi na masikio makubwa. Aliisoma diploma yangu yote, hata mgongo wake, akanirudishia.

"Bon. Unajua fishi?"

"Ndiyo, Papa."

"Alors uziache hapo kwanza. Twende kuona batu."

Kwa wiki mbili hakuniruhusu kugusa kabati. Tulizunguka kiwandani kutoka kwenye magogo mpaka kwenye msumeno mkubwa, na jioni aliniuliza maswali. Nani anafanya kazi kwa mkono wa kushoto? Nani ameacha kuongea na nani? Nani leo amekula peke yake? Nilimwambia shuleni tulikuwa na vipande vya mbao na saa. Akasema yeye pia ana kipande cha mbao, akanionyesha. Kilikuwa ubao wa mita nne. Kila aliyeomba kazi aliambiwa auchukue upande mmoja, mfanyakazi wa zamani aushike upande wa pili, wauvushe uwanja. Nilidhani anapima nguvu. Hapana, alikuwa anatazama miguu. Yule aliyepunguza mwendo ili kulingana na mwenzake aliajiriwa. Yule aliyekokota mwenzake, hata akiwa na kifua kama pipa, alishukuriwa na kuambiwa arudi mwezi ujao, kila mwezi.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya ndugu watatu waliofanya kazi kwa fishi moja. Mkubwa aliajiriwa, akaugua, akamtuma wa pili, wa pili akaoa, akamtuma wa tatu. Mimi, kwa bidii ya shule, niligundua kwamba kidole gumba kimebadilika mara mbili. Nikaandika ripoti ya kurasa tano. Papa Bolamba aliisoma yote, akaniuliza kama mashine ya wale ndugu imewahi kusimama hata siku moja. Nikasema haijawahi. Akaikunja ripoti yangu vizuri, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Meza ilitulia, na ripoti hiyo ikatumika kuliko zote nilizowahi kuandika.

Sasa nimtaje Lisungi, kwa maana mengine yote niliyoandika hapa ni njia ya kufika kwake.

Monsieur Lisungi alikuwa karani mkuu wa barua. Alikuwa na mashati sita meupe na Kifaransa cha kupigwa pasi. Barua zake zilikuwa nzuri hata zilipokuwa za kuagiza misumari. Wenzake walimcheka kwa kusema "mimi binafsi" kabla ya kila jambo, nami nilimcheka pamoja nao, lakini ni yeye aliyenisahihishia barua zangu mwaka mzima bila kumwambia mtu. Aliishi katika kambi ya kampuni na mke wake, Mama Veronika. Kitu kimoja tu kilimkera: siku mtu anapomwita bila cheo chake. Ukimwita Lisungi hakusikii. Ukimwita Monsieur le chef de correspondance, yaani mkuu wa barua, anageuka.

Mwaka wa nne wa uhuru waasi waliuchukua mji. Wazungu wa kampuni walifungiwa ng'ambo. Msumeno ulisimama, lakini sisi tuliendelea kuja kazini, kwa kuwa jikoni kulikuwa bado na chakula na kwa sababu hatukujua la kufanya. Habari zilivuka mto kila asubuhi na mitumbwi: waasi wanawatafuta makarani. Kila mwenye tai, kila mwenye kalamu mfukoni, kila aliyesoma, alihesabiwa kuwa ndiye aliyeula uhuru peke yake na kuwaachia wengine maganda. Walichukuliwa, na wengi hawakurudi. Watu waliokuwa wakitangaza diploma zao sebuleni walizifukia chini ya banda la kuku.

Siku moja kabla ya saa sita mchana, komanda wa waasi alifika kiwandani na vijana kumi. Alikuwa mdogo kuliko mimi, macho mekundu kwa uchovu. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya ofisi ya personnel akalitazama kabati.

"Hapa njo batu bote banaandikwa?"

"Ndiyo, komanda," akasema Papa Bolamba.

"Minataka fishi zote hapa, juu ya meza. Bakarani banakaa upande moja, bamanœuvre upande moja. Mi naenda kula, kisha nitarudi, utanionyesha moja moja, na mutu mwenyewe asimame mbele yangu."

Akatoka kuelekea jikoni. Papa Bolamba alimfuata mpaka mlangoni, akamwita mpishi wetu, Mama Aziza, akasema kwa sauti ya kusikika kote: "Mama, komanda ni mugeni. Hapana mupa sombe ya jana. Mupikie samaki mubichi ndani ya majani, liboke ya mugeni, polepole." Mama Aziza alimtazama, akaelewa. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa tayari jikoni; samaki hakuwa hata ameparuliwa magamba.

Basi tulikuwa na muda wa samaki mmoja. Kabatini zilikuwamo fishi za manjano kumi na saba, pamoja na yangu na ya Papa Bolamba. Alizitoa zote, akazifunga kwa kamba, akampa fundi wa boila, nazo zikachomwa. Hakukuwa na nakala. Kisha akatoa fishi tupu za kahawia na kuzigawa: tisa kwake, nane kwangu. "Kila mutu iko mutu wa mikono," akasema. "Mikono tu. Hapana andika kingine." Mtu yule aliyekuwa amenifundisha wiki mbili nzima kwamba wafanyakazi si mikono alikuwa sasa ananiagiza niwaandike mikono, na mimi nilipata muda wa kuliona hilo na kulichekea moyoni. Ujana ni ugonjwa.

Makarani waliingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Niliandika jina, urefu, kazi, wakaweka kidole gumba, wakatoka kwenda kujipaka grisi na vumbi la mbao. Mngedhani watu wanaookolewa maisha hufurahi. Mtunza ghala aliniuliza kama hakuna kazi nyingine isipokuwa mchoma mkaa. Mpima mbao alitaka ijulikane kwamba hii ni ya muda. Mwingine alisoma fishi yake, akanionyesha kosa katika jina la kijiji chake, akasubiri nilisahihishe. Harufu ya samaki ilikuwa imeanza kuja kutoka jikoni.

Lisungi aliingia wa mwisho. Alikuwa amevua tai lakini shati lilikuwa jeupe bado. Nikaandika: Lisungi, mfagiaji. Akaona.

"Ramazani, mimi binafsi siwezi."

"Monsieur Lisungi, ni kwa leo tu."

"Miaka kumi na mbili nimekaa kwenye ile meza. Mke wangu akisikia nimesimama mbele ya vijana wale kama balayeur, nitarudi vipi nyumbani?"

"Utarudi. Njo jambo lenyewe."

Akasimama. Aliniomba kwa sauti ya chini, na Lisungi hakuwa mtu wa kuomba. "Kitu kidogo tu. Niweke mbele yao kidogo. Kapita. Kapita wa wafagiaji. Ni nani atakamata kapita wa wafagiaji?"

Sijui niseme nini kujitetea. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nampenda. Na nilikuwa nimesoma, shuleni kwa Bwana Fishi, kwamba kila mtu lazima apewe cheo kinachomfaa, na huyu alikuwa anaomba kidogo sana. Mbele ya neno "mfagiaji" kulikuwa na nafasi. Nikaongeza "kapita wa", na herufi ya mbele nikairekebisha ili sentensi iwe nzuri. Akaweka kidole gumba. Akanishukuru. Ilibaki fishi yangu mwenyewe, nami kwa kuwa neno lilikuwa bado kwenye kalamu, nikajiandika mfagiaji.

Komanda alirudi ameshiba, akamtuma kijana amshukuru mpishi. Akaketi kwenye kiti cha Papa Bolamba. Aliona meza yote ni kahawia.

"Bakarani biko wapi?"

"Bakarani balikuwa bazungu, komanda. Balikimbia siku ya uhuru."

"Na weye?"

"Mi nafungua mulango asubuhi, nafunga jioni."

Komanda akavuta fishi ya juu. Kisha akaanza kusoma moja moja, kwa shida, akifuata herufi kwa kidole. Watu walipita mbele yake wamepakaa grisi mpaka masikioni. Mchoma mkaa. Mbeba magogo. Mwosha masufuria. Mikono yangu nilikuwa nimeitumbukiza ndani ya ndoo ya oili ili wino usionekane, na ilikuwa inadondosha kwenye sakafu ambayo kwa fishi nilitakiwa kuifagia. Alinipitisha. Akachukua fishi iliyofuata, na kidole chake kikasimama kwenye neno la kwanza.

"Kapita," akasoma. Akarudia. "Kumbe kuna kapita hapa."

 Sisi watoto wa mji tulikuwa tumesahau neno hilo lina uzito gani kwa mtu wa vijijini. Kwetu lilikuwa cheo cha chini kabisa cha kuchekesha. Kwake lilikuwa yule mtu aliyesimama shambani na fimbo kwa niaba ya mzungu.

"Papa yangu alikufa na alama za fimbo ya kapita ku mugongo," akasema, na bado hakupaza sauti. "Huyu Lisungi njo nani?"

Angeweza kusema ni makosa. Angeweza kusema hajui kusoma, hajui kilichoandikwa. Papa Bolamba alikuwa tayari amefungua mdomo. Lakini Lisungi alikuwa ameitwa na cheo, na miguu yake ilitoka kwenye mstari yenyewe.

"C'est moi, mon commandant," akasema. "Mimi binafsi." Kifaransa kilikuwa kizuri sana.

Wakamchukua. Alipopita karibu nami alikuwa ameinyoosha kola yake. Siku ya tatu mpiga makasia aliyewavusha alikuja kutuambia alichokiona ng'ambo, na hicho sitakiandika hapa.

Papa Bolamba alizirudisha fishi kabatini siku hiyo hiyo. Alipoifikia ile, aliujua mwandiko.

"Ulimuandikia cheo."

"Aliniomba, Papa."

"Batu banaomba mambo mingi," akasema. Hakuniambia neno lingine juu yake mpaka alipokufa, na ningekuwa nimefurahi kama angenipiga.

Uasi ulipokwisha, kampuni ilileta mkurugenzi mpya, ambaye hakuwa na kumbukumbu yoyote isipokuwa fishi. Kwa fishi, kiwanda kizima hakikuwa na mtu anayejua kusoma. Miezi mingi ilipita kuwarudisha makarani mahali pao, kwa mashahidi na viapo, na mtunza ghala hakunisemesha mwaka mzima kwa ajili ya ule mkaa. Nilimwandikia kila mmoja fishi mpya. Yangu sikuigusa. Niliendesha ofisi hiyo tangu Papa Bolamba alipoondoka, na fishi yangu ikisema nafagia.

Siku moja mkurugenzi aliniita akiwa ameshika fishi ya Lisungi. "Huyu kapita hajafika kazini. Amekufa?"

"Ndiyo, monsieur."

"Cheti kiko wapi?"

Cheti hakikuwapo. Nani angekisaini? Waliokuwa na mihuri walikuwa wameuawa kwa sababu ya mihuri. Akafungua kitabu cha kanuni akanisomea, na nilimsikia Bwana Fishi akiandika ubaoni: mfanyakazi asiyefika siku tatu mfululizo bila taarifa. Ndipo nilipojua sentensi ile inamaliziwaje. Huhesabiwa mtoro, hufukuzwa, na familia yake hutoka katika nyumba ya kambi. Mama Veronika alikuwa bado anaishi katika nyumba hiyo.

Nikamwambia nimesahau, huyu hakupotea, yuko safarini kikazi, en mission, alitumwa ng'ambo wakati wa uasi na hakuna aliyetia saini ya kumrudisha. Mkurugenzi alipumua kwa raha. Mission ilikuwa na kisanduku chake kwenye fishi. Nikakijaza. Wakaja wakurugenzi wengine, mji ukabadili jina, nchi ikabadili jina, kampuni ikabadili wenyewe mara mbili, na kila mmoja alikuta Lisungi yuko mission akaridhika. Hakuna aliyeuliza mission gani huchukua miaka yote hiyo. Kisanduku kilikuwa kimejazwa.

Mama Veronika aliuliza mara moja tu. Alikuja ofisini amevaa vizuri, akakaa.

"Banasema Lisungi iko mission."

"Ndiyo, Mama."

 Alijua kila kitu isipokuwa kimoja. "Bon," akasema. "Ukimuandikia, umwambie paa inavuja."

Jumamosi hiyo nilivuka mto na mabati, nikaitengeneza mwenyewe, na kila paa lilipovuja alinituma nimwandikie Lisungi, nami nikaja na nyundo. Alinipikia kila mara. Sikumwambia ni nani aliyeandika "kapita". Niliogopa angeacha kunipikia. Amefariki katika nyumba ile, na sikumwambia.

Siku yangu ya mwisho kazini, Furaha, binti wa shule ile ile ya ufundi aliyechukua nafasi yangu, alikuwa anahakiki fishi zote kwa ajili ya orodha mpya. Alikuja na mbili mkononi.

"Papa Ramazani, huyu Lisungi iko mission tangu mimi sijazaliwa. Na mama yangu pia hajazaliwa."

"Ni mission ndefu."

"Na hii ni yako. Inasema uko balayeur. Nirekebishe?"

Nilimwambia akae. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila yeye nilimweleza vibaya zaidi, kwa kukatiza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunihurumia, na kwa hilo ninamshukuru, akachukua ubao wa kuandikia, akauliza kama anavyotakiwa kuuliza: "Tunaifunga na sababu gani?"

Nililipiga teke kabati, Furaha akiwa ameinamia ubao wake asione, nikatoa wembe. Fishi haifutwi, nilifundishwa, nami nilikuwa nimetii maisha yangu yote, hata siku ile, kabla komanda hajarudi, ilipokuwa lazima nisitii. Nilikwangua polepole "kapita wa wafagiaji" mpaka karatasi ikawa nyembamba, na juu yake nikaandika: Chef de correspondance. Nikafuta ile mission. Mahali pa sababu ya kufunga nikaandika: "Aliuawa katika uasi, kwa cheo alichoandikiwa na mimi."

"Lazima usaini, Papa," Furaha akasema. "Jina na cheo."

Nikasaini. Ramazani, mfagiaji.